Goti linalouma ukishuka mlima: ununue nini kwanza ukiwa Bukavu

Bukavu, mji wetu wa vilima mashariki mwa Kongo, goti halisubiri safari ya mlimani ndipo lijaribiwe. Anayeishi mtaa wa Cimpunda, juu kilimani, hushuka mjini asubuhi, jioni akapanda tena. Mama anayetoka Kabare na mzigo mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, hushuka mteremko mrefu kuliko watalii wengi. Ukiongeza vilima vya Jumapili, au Mlima Kahuzi wenyewe wenye mita 3,308, swali la dukani ni lile lile: ninunue nini ili goti lisiniume?

Wengi hukimbilia farmasi kununua bandeji ya goti. Mimi bandeji naiweka nafasi ya tatu, na nitaeleza kwa nini.

Kupanda kunachosha pumzi na mapaja, lakini kushuka ndiko kunakoumiza goti. Ukishuka, mwili mzima unaangukia mguu mmoja kila hatua, na msuli wa mbele wa paja unalazimika kukaza huku ukivutika, ili usiporomoke. Msuli huo unaivuta pia ya goti, kile kifupa cha mviringo cha mbele, na kuikandamiza kwenye mfupa wa paja. Goti likizidi kupinda, mkandamizo unaongezeka. Ndiyo maana maumivu ya mbele ya goti huanza njiani kurudi, pale mapaja yalipochoka na hayawezi tena kuzuia uzito. Kwa hiyo kila kitu hapa nimekipanga kwa kuuliza: kinaliondolea goti mzigo, au kinaficha maumivu tu?

Nafasi ya kwanza: fimbo mbili

Hakuna kitu cha kununua kinachoshinda fimbo mbili, na hakuna kinachodharauliwa kama hizo. Vijana wanaona haya, wanasema fimbo ni ya wazee. Mwaka 1999 mtafiti Hermann Schwameder na wenzake walichapisha utafiti uliopima watu wakiteremka mteremko wa nyuzi 25: fimbo mbili zilipunguza nguvu zinazolemea goti kwa kati ya asilimia 12 na 25. Zidisha hilo kwa maelfu ya hatua za kushuka kutwa nzima.

Ukibahatika kukuta fimbo za chuma chepesi kwenye mitumba ya soko la Kadutu, zile zinazorefushwa na kufupishwa, usinunue kwa kuangalia rangi. Zirefushe, zifunge, kisha egemea kila moja kwa uzito wako wote. Ikiteleza hata kidogo, irudishe. Zenye kibano cha kubana kwa nje huwa rahisi kutengeneza kuliko zenye kufungwa kwa kuzungusha, kwa sababu zile za kuzungusha zina kipande cha plastiki ndani ambacho kikilika hakionekani. Tazama pia ncha: chuma chake kikiwa kimeisha, fimbo itateleza kwenye jiwe. Fimbo za wanaoteleza kwenye theluji kwa kawaida hazirefushwi. Zichukue kama urefu wake unakufaa tu.

Zile za chuma zikikosekana, au bei ikiwa haishikiki, nenda kwa seremala. Mkaratusi umejaa kwenye vilima vyetu na unatoa fimbo nzuri sana. Chagua mti uliokauka, nyuzi zake zikienda moja kwa moja toka juu hadi chini, bila fundo katikati, maana fimbo huvunjikia kwenye fundo. Unene uwe wa kukuwezesha kuishika vizuri bila mkono kukaza muda wote. Mwambie seremala asugue vizuri sehemu ya kushikia, kwa sababu malengelenge ya kiganja yatakufanya uitupe kabla hujafika nusu ya njia.

Urefu: simama wima, ncha ikiwa chini, kiwiko kipinde kama pembe ya meza. Huo ni urefu wa njia tambarare. Wa kushuka unaongezeka sentimita 5 hadi 10. Fimbo ya mti hairefuki, basi mwombe seremala akate ile ndefu, uishike chini zaidi ukipanda na juu zaidi ukishuka. Fundi viatu anaweza kukupigilia kipande cha tairi kwenye ncha kwa ajili ya lami na mawe. Kwenye matope kipande hicho kinateleza, kwa hiyo moja iwe na mpira na nyingine iwe na ncha tupu kama njia zako ni za kuchanganya.

Ukiwa na fimbo moja tu, ishike upande wa pili wa goti linalouma. Kwenye ngazi au jiwe refu la kushuka, fimbo itangulie, ufuate mguu mbovu, kisha mzima. Ukipanda, mzima utangulie.

Nafasi ya pili: viatu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mnunuzi anatazama juu na goti linategemea chini. Buti la mitumba linaweza kung'aa kama jipya huku soli yake imekufa. Bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya ngozi na soli ya chini. Isiponepa kabisa, au ikiwa na mikunjo mikavu ya pembeni, haibebi tena kishindo chochote. Kuna aina ya soli laini ambayo hata isipovaliwa huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa miaka ikipita, na siku ya kwanza mlimani hupukutika vipande vipande. Ipinde kwa nguvu mbele ya muuzaji. Asipotaka uipinde, ameshakujibu.

Kisha vigeuze viatu uvitazame kwa nyuma, vikiwa juu ya meza. Kisigino kilicholika upande mmoja kilitengenezwa na mwendo wa mtu mwingine, nacho kitalazimisha mguu wako ufuate mwendo huo, na goti pamoja nao. Viatu vya namna hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote avinunue, hata akipewa kwa bei ya kutupa.

Vijaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Tafuta mteremko, Bukavu haukosekani, ushuke hatua kadhaa. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi: utashuka ukijizuia kwa magoti ili kuviokoa vidole. Kisigino nacho kisipande na kushuka ndani. Kamba ukizipitisha kwenye matundu mawili ya juu kabisa ya kila upande zifanye kitanzi, kisha kila moja ukaivusha kwenye kitanzi cha upande wa pili, kisigino hutulia vizuri zaidi.

Vipi buti za mpira? Matope ya Kahuzi ni makali, kwenye msitu wa mianzi unaweza kuzama hadi juu ya kifundo, na wengi hapa huzivaa. Zinakinga unyevu, lakini kisigino kinacheza ndani na soli haina ulaini. Kama ni lazima, vaa soksi nene mbili na utie soli za ndani. Raba nyepesi zenye meno ya kutosha chini zinatosha kabisa kwa vilima vikavu vya Juni hadi Agosti, na zinalemea mguu kidogo kuliko buti.

Nafasi ya tatu: bandeji ya goti

Bandeji ya kuvuta, ile ya kuvaa kama soksi, inatia joto, inabana kidogo, inakupa imani na goti lako. Kwa wengine imani hiyo inapunguza maumivu kweli. Lakini haibebi uzito, na asiyejua hilo huivaa akazidisha mwendo.

Usinunue bila kupima mzingo wa goti kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya pia, mguu ukiwa umenyooka. Linganisha na vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi. Bandeji isiyo na boksi wala kipimo, ivae dukani, uchuchumae na kuinuka: isijikunje nyuma ya goti, wala kuacha ganzi kwenye vidole. Yenye tundu la pia ya goti huwafaa wanaoumia mbele. Ukipumzika, ivue. Zile kubwa zenye vyuma pembeni ni za goti lililoumia kano, zinunuliwe kwa maelekezo ya daktari tu.

Yanayofuata

Soli za ndani zinasaidia pale kiatu kilipo kigumu, basi. Hazirekebishi kiatu kibaya.

Mfuko wa mgongoni wenye mkanda wa kiunoni unayapumzisha mabega, lakini uzito bado unapita kwenye magoti. Kinachosaidia ni kupunguza vilivyomo. Na ukimlipa mtu akubebee, kumbuka kwamba mzigo umehamia kwenye magoti yake: mpunguzie, na mpe naye fimbo. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu akina mama wabebaji wa mji huu wameumia magoti miaka mingi bila yeyote kuwauliza.

Dawa ya kupaka ya diklofenaki inaweza kupunguza maumivu jioni, na haisumbui tumbo kama vidonge. Tazama tarehe ya kuisha, iliyochapishwa kwenye mkunjo wa tyubu. Mafuta yanayowasha yanaleta joto tu. Vidonge vya ibuprofeni kabla ya kupanda siviungi mkono: vinazima onyo la goti huku unaendelea kulikandamiza, na mtu aliyekaukiwa maji anahatarisha figo, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuvuja damu. Dawa za steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni zisiguswe bila daktari, hata muuzaji akisema zinamaliza maumivu ya kila namna. Sindano ya gotini itolewe hospitalini tu. Vijidudu vikiingia ndani ya goti, unaweza kulipoteza.

Ukienda kulipa kwa dola, kagua noti zako nyumbani. Yenye mpasuko mdogo haitapokelewa, na utaishia kununua fimbo moja badala ya mbili.

Kisichouzwa

Tumia ngazi yoyote ya nyumbani. Simama kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu wa pili polepole hadi kiguse chini, kisha inuka. Goti lisiingie ndani, lielekee kidole cha pili cha mguu. Fanya mara kumi kila mguu, siku tatu kwa wiki, uongeze kadiri unavyopata nguvu. Maumivu madogo yanayotulia kesho yake si tatizo. Yakizidi kesho yake, punguza. Njiani, shuka kwa hatua fupi, goti likipinda kidogo, na kwenye mteremko mkali pita kwa kukata kushoto na kulia.

Goti likivimba saa chache baada ya kuumia, likikwama lisinyooke, likikuacha ghafla ukitembea, au likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, acha habari za maduka uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kahuzi hupandwa pamoja na waongozaji wa hifadhi, kwa hiyo ulizia kwanza kama mlima uko wazi, hali ya njia na usalama. Anayelenga Julai aanze mazoezi ya ngazi mwezi wa nne, na amwone seremala wakati huo huo: mkaratusi mbichi ukikatwa leo ni mzito, unapinda, na unapasuka ukikauka, na katika mvua zetu kukauka kwake kunataka wiki nyingi chini ya paa.