Sinema ya zamani ya kupigia klipu Lubumbashi: picha nyota tano, sauti mbili

Kwa wenzangu wa kamera wanaoniuliza ule ukumbi wa klipu ya kwaya niliupata wapi: ni sinema ya enzi za Wabelgiji, katikati ya mji, ambayo siku hizi ni kanisa. Jumatatu hadi Alhamisi mchana hakuna ibada, na pasta anaukodisha. Nililipa dola 60 kwa nusu siku, na dola 10 za zamu, yaani mlinzi, kwa kuwa funguo za juu anazo yeye. Hizo 10 hazimo kwenye mkataba, lakini bila yeye hupandi balkoni.

Na balkoni ndiyo unayoifuata. Sakafu ya chini inateremka kuelekea jukwaani, kwa hiyo kwaya ikiketi, hakuna anayemfunika mwenzake. Nyuma kabisa ya balkoni kuna kibanda cha mashine ya kuonyeshea filamu. Papa zamu alinifungulia. Ukutani mna vitundu vya mraba, viwili viwili: kimoja cha kupitisha mwanga, kingine cha fundi kuchungulia. Juu ya kila kitundu kuna kipande cha chuma kinachoteleza kwenye reli. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilikuwa za nitrati, zinazoshika moto upesi mno. Kibanda kikiwaka, vyuma vinaangushwa, moto usiwafikie watazamaji. Nilisimamisha taa moja nyuma ya kitundu, tukapuliza moshi kidogo ukumbini. Ule mwali wa mwanga uliopita juu ya vichwa vya waimbaji ndio mteja ameufanya picha ya jalada.

Anayedhani kanisa ndani ya sinema ni vituko vya kwetu, atazame Los Angeles. Ukumbi wa United Artists, mtaa wa Broadway, wa mwaka 1927, ulikuwa kanisa kwa miaka mingi. Rialto ya South Pasadena, ya mwaka 1925, ile inayoonekana katika filamu ya La La Land, kanisa lilianza kuikodi mwaka 2017. Los Angeles Theatre, alimozindulia Chaplin filamu yake City Lights Januari 1931, sasa inakodishwa kwa filamu na karamu. Wenzetu wanalipwa kwa sababu kumbi zimebaki na sura yake. Sisi Jengo la 30 Juin, lililojengwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa maigizo wa mji, tumeliachia bunge la jimbo. Kaombe kibali cha kupiga klipu mle, halafu utanihadithia.

Sasa mabaya. Sauti usijaribu kurekodi humo. Mapazia na viti vya kitambaa viliondolewa zamani. Zimebaki plastiki na saruji, na kwaya inajijibu yenyewe. Sisi tulirekodi studio, pale wakaimba juu ya plebaki, yaani rekodi ikipigwa. Umeme ulikatika saa tano, na jenereta la kanisa ni la maikrofoni, halibebi taa zetu. Njoo na lako, na mafuta yako.

Halafu kuna bango la mkutano wa injili, uso wa pasta mtupu, limeziba nusu ya jukwaa.

"Baba Pasta, tunaomba tulishushe saa moja tu."

"Mwanangu, unishushe mimi ndani ya kanisa langu?"

Alicheka, lakini halikushuka. Tukapiga kwa pembeni, na ndiyo maana katika klipu hamuoni upande wa kushoto.

Mwenye kazi inayotaka sura ya zamani asingoje Krismasi. Kuta za pembeni bado zina kijani chake kilichopauka na mistari ya plasta, ila madebe ya rangi nyeupe yameshapangwa nyuma ya jukwaa. Nyeupe itatawanya mwanga kila upande, na mwali wa kibandani hautakolea tena. Mimi nimeshatoa avansi, malipo ya awali, ya klipu nyingine.