Stellarium kwa hesabu za falaki: miaka mitatu ya kuitumia

Nyota ilizimika kabla sijawa tayari. Nilikuwa nimeinamia darubini, saa ya kupimia mkononi, nikisubiri upande wenye giza wa mwezi mchanga uifunike. Kwa hesabu niliyoitoa kwenye kompyuta jioni ile, nilikuwa bado na sekunde kama 40. Mara pale penye nukta ya mwanga pakawa giza tupu. Nyota ikifunikwa na mwezi haififii polepole, kwa sababu mwezi hauna hewa ya kuichuja. Inakatika ghafla, kama taa iliyozimwa swichi. Kidole changu hakikuwahi hata kubonyeza.

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Siku niliyoweka programu nilichagua jiji kubwa lililo karibu nami kwenye orodha yake ya mahali, nikaendelea na mengine. Jiji lenyewe liko zaidi ya kilomita 30 kutoka ninapoweka darubini. Ukitaka kujua jua litatua saa ngapi, kilomita 30 hazikusumbui sana. Nyota inapofunikwa mambo ni mengine kabisa, kwa sababu kivuli cha mwezi katika mwanga wa nyota ile kinapita juu ya ardhi kwa kasi inayokaribia kilomita moja kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: sekunde zangu 40 zilipotelea kwenye kilomita zile.

Programu yenyewe ni Stellarium, ya bure na ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Fabien Chéreau mwaka 2000. Wengi wanaijua kwa picha yake ya anga: unaifungua, unaona nyota juu ya upeo wa macho, unazungusha. Mimi picha naitumia kidogo. Ninachokihitaji kiko nyuma ya kitufe cha F10, dirisha la hesabu za falaki, na ninaamini kuna watu wameitumia miaka bila kulifungua. Humo ndani utapata jedwali la mahali pa sayari siku kwa siku, saa za kuchomoza na kutua, sayari zinazokaribiana, na orodha za kupatwa kwa jua na mwezi. Jedwali lolote unaweza kulihifadhi kama faili la CSV ukalifanyia kazi kwingine.

Kabla ya kuamini jedwali hata moja, nenda F6 uandike latitudo, longitudo na mwinuko wa pale utakaposimama, usitosheke na jina la mji. Hapo hapo hakikisha ukanda wa saa. Halafu angalia kwenye mipangilio kisanduku kinachoamua kama hesabu zinafanywa kutoka ulipo au kutoka katikati ya dunia. Kwa Mshtarii au Zohali huwezi kuona tofauti kwa macho. Kwa mwezi, ambao uko karibu mno, tofauti inafika kama digrii 1 unapokuwa karibu na upeo wa macho, yaani karibu mara mbili ya upana wa mwezi wenyewe. Jaribu uone: ondoa alama kwenye kisanduku hicho huku umeukazia macho mwezi unaochomoza. Utauona ukiruka. Mimi nilikaa dakika kadhaa nikiweka alama na kuiondoa, na tangu siku hiyo hakuna anayehitaji kunieleza kwa nini watu wawili walio mbali hawaoni mwezi mahali pamoja kati ya nyota.

Baada ya kuandika namba zangu halisi nilisubiri nyota nyingine. Safari hii ilikatika sekunde moja tu baada ya wakati uliotabiriwa. Sekunde hiyo moja siidai, maana ukingo wa mwezi una milima na mabonde, na nyota inaweza kuchungulia bondeni kidogo kabla ya kupotea.

Kabla ya hapo nilikuwa na programu ya simu, ya kulipia, ambayo sitaitaja. Ilinipa saa za jua kuchomoza kwa namba nzuri kubwa zenye rangi, bila kusema inahesabu kutoka wapi wala inamaanisha nini ikisema "kuchomoza". Na neno hilo lina maana mahususi. Wanafalaki wanahesabu kuchomoza pale ukingo wa juu wa jua unapogusa upeo wa macho ulio tambarare. Wakati huo kitovu cha jua kipo chini ya upeo kwa dakika 50 za tao (digrii 1 ina dakika 60 za tao): dakika 16 ni nusu ya upana wa jua, na 34 ni mwanga kupindishwa na hewa. Maana yake jua unaloliona limekaa juu ya bahari wakati wa machweo, likiwa zima na jekundu, kwa hakika limeshazama lote. Unachokiona ni mwanga wake uliopindwa. Ndiyo sababu kwenye ikweta mchana unazidi usiku kwa zaidi ya dakika 10 mwaka mzima, hata siku ile tunayofundishwa kwamba usiku na mchana ni sawa.

Katika Stellarium jambo hili unalishika kwa mkono. Bonyeza A, hewa inaondoka, na mpindo wa mwanga unaondoka nayo. Jua lililokuwa limegusa upeo linashuka chini yake mbele ya macho yako. Bonyeza A tena, linarudi. Sikuwahi kupata mwalimu bora kuliko kitufe hicho. Ila kina mtego wake: ukikisahau kikiwa kimezimwa, saa zako za kuchomoza zitakosea kwa dakika mbili au zaidi, na hakuna atakayekuonya.

Kuhusu mwezi kuandama, niwe wazi, kwa sababu naulizwa mara nyingi. Programu itakupa wakati mwezi unapozaliwa, umri wake kwa saa, umbali wake kutoka kwenye jua, na muda utakaobaki juu ya upeo baada ya jua kutua. Hizo ni hesabu, nami ninaziamini. Kuonekana kwa jicho ni suala lingine, linalotegemea vumbi, unyevu, mawingu na jicho lenyewe. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha kwamba mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hilali haionekani kabisa. Kwa hiyo mimi natazama kwanza umbali huo. Ukiwa chini ya 7 sijisumbui kutoka nje. Ukiwa 10 natoka na darubini ndogo ya macho mawili, nasubiri jua litue lote, ndipo naanza kutafuta.

Sayari zinazokaribiana zilinichanganya hapo awali. Nilirudisha programu hadi tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali waliposogeleana hadi dakika 6 za tao, ukaribu ambao haukuwa umetokea tangu 1623. Nikapata nyakati tofauti za tukio lile lile, zikipishana kwa saa kadhaa, nikadhani pana hitilafu. Haikuwepo. Kukutana kwa sayari kunaweza kupimwa kwa mistari ya ikweta ya anga, au kwa njia ya jua kati ya nyota, au kwa kuuliza tu ni lini pengo kati yao lilikuwa dogo kuliko wakati wote. Kila swali lina jibu lake sahihi. Mtu anayetaka kupiga picha anataka lile la tatu, na hilo ndilo ninalomwambia aulize.

Kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025 ndiko nilikoitumia programu kwa bidii zaidi. Mwezi ulikaa ndani ya kivuli kizito kwa dakika 82, kutoka kama 17:30 hadi 18:52 kwa saa za ulimwengu. Nilichapisha nyakati zote za kugusana kwa kivuli, nikaandika kando yake nilichokiona. Kazi ni ngumu kuliko inavyosikika. Ukingo wa kivuli cha dunia hauna mstari mkali. Una ukungu wa kahawia, na watu wawili wanaotazama kwa pamoja wanaweza kupishana hata dakika nzima kuhusu lini umegusa. Hata wanaofanya hesabu wanapishana kidogo. Hewa ya dunia inakifanya kivuli kiwe kikubwa kuliko umbo la dunia tupu, na wako wanaoongeza kwa kanuni ya mwanahisabati Chauvenet, wengine kwa ya Danjon. Ukilinganisha vyanzo viwili ukakuta sekunde kadhaa zimepishana, mara nyingi sababu ni hiyo. Nilichokishika vizuri ni mwanga wa kwanza kurudi ukingoni, ule uzi mweupe unaochomoza kwenye wekundu. Hapo saa yangu na jedwali vilikubaliana.

Miezi ya Mshtarii ni starehe yangu ya peke yake. Io, mmoja wao, anamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi, kwa hiyo karibu kila usiku pana kitu: anaingia kivulini, anatoka, au kivuli chake kinapita kama doa la wino usoni mwa sayari. Hakikisha umewasha kipengele cha kasi ya mwanga. Mwanga unachukua zaidi ya nusu saa kutufikia kutoka Mshtarii, na muda huo unabadilika kadiri dunia inavyoisogelea sayari hiyo na kuiacha. Mwaka 1676 mwanafalaki wa Denmark Ole Rømer aliona Io akichelewa na kuwahi kwa utaratibu huo huo, akatambua kwamba mwanga una mwendo wake. Ukikizima kipengele hicho utaona ratiba ya kule, wakati wewe umesimama huku. Nimekaa na darubini, Io akafifia kwa dakika tatu nne na kupotea, wakati ule ule aliopotea kwenye skrini. Sichoki kulitazama jambo hilo.

Usahihi wa sayari nimeupima kwa kulinganisha Mirihi na Horizons, huduma ya JPL, maabara ya NASA, inayopatikana bure kwenye intaneti. Kwa tarehe za miaka yetu hii tofauti haikufika sekunde 1 ya tao. Mwezi mpevu una upana wa sekunde kama 1,800, basi linganisha. Stellarium kwa kawaida inatumia nadharia ya VSOP87 kwa sayari. Anayetaka zaidi anaweza kupakua faili za JPL za mahali pa sayari, kama DE440 au DE441, na kuziunganisha. Mimi nimeziunganisha, lakini kwa mtu anayetazama kwa darubini ya kawaida si lazima.

Zamani za mbali zinahitaji uangalifu. Kwanza kalenda: programu ina mwaka 0, na mwaka huo ndio wa 1 kabla ya Kristo, kwa hiyo mwaka 136 kabla ya Kristo unauandika −135. Nilikosea hapo mara mbili. Pili, mzunguko wa dunia wenyewe. Dunia inapunguza kasi, na tofauti kati ya saa ya dunia na saa isiyobadilika, inayoitwa Delta T, leo ni kama sekunde 69. Tarehe 15 Aprili 136 kabla ya Kristo Wababeli waliandika kwenye mabamba ya udongo kwamba jua lilipatwa lote mjini kwao. Ukihesabu kana kwamba dunia imezunguka kwa kasi ya leo siku zote, kivuli kinapita karibu digrii 49 magharibi ya Babeli. Weka Delta T ya enzi hizo, zaidi ya saa 3, na kivuli kinatua juu ya mji. Stellarium inakuruhusu kubadilisha kanuni ya Delta T, na nilipoijaribu tarehe hiyo kwa kanuni mbalimbali nilielewa kwa nini wasomi wanayathamini sana mabamba yale. Wababeli ndio waliotuachia kipimo cha jinsi dunia ilivyopunguza mwendo.

Kama unachotaka ni kuinua simu na kujua nyota ile ni ipi, huhitaji haya yote. Ukitaka namba utakazozitegemea, hii ndiyo ninayoifungua kila siku, nami naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote aliye tayari kutumia jioni moja kuipanga vizuri.

Kwa sasa niko kwenye tarehe 2 Agosti 2027. Jua litapatwa lote kwa muda mrefu, hadi dakika 6 na sekunde 23 karibu na Luxor nchini Misri, ndani ya ukanda wenye upana wa kilomita 258 hivi. Nimekuwa nikisogeza mahali kidogo kidogo kutoka mstari wa katikati na kusoma muda unaobaki. Kilomita 50 za kwanza zinakula kama nusu dakika tu. Kilomita 50 zinazofuata zinakula karibu dakika mbili. Kwa hiyo sitapigania kusimama juu ya mstari penyewe. Nitatafuta penye upeo wazi na anga kavu ndani ya kilomita 50 hizo za kwanza, na namba za mahali hapo nitaziandika mwenyewe.