Mizani za nyumbani kwa anayepunguza uzito: ipi ununue, na uipande mara ngapi

Mizani ya nyumbani hulaumiwa bure. Mtu anainunua kwa hamu, anaipanda asubuhi, mchana na usiku, na wiki haijaisha ameisukuma uvunguni kwa hasira kwa sababu "haishuki". Tumezipitia aina tatu zinazouzwa sana, yaani ya mshale, ya kidijitali ya kawaida, na ile inayounganishwa na simu, tukiwa na swali moja: ipi inamfaa anayepunguza uzito, na aipande mara ngapi?

Jibu letu ni mizani ya kidijitali ya kawaida, isiyo na mbwembwe, inayosoma kwa hatua za gramu 100. Ipande kila asubuhi ikiwa utaandika namba na kutafuta wastani wa wiki. Kama kuandika hukuwezi, panda mara moja kwa wiki, ila usitoe hukumu kabla ya mwezi kwisha.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo hakuna mizani itakayokuridhisha. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kalori 7,700. Anayekula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 500 kwa siku, na huo ni upungufu wa maana, anapoteza kama gramu 65 za mafuta kwa siku. Hatua ndogo kabisa kwenye kioo cha mizani nyingi ni gramu 100. Kwa hiyo mafuta uliyopoteza tangu jana hayatoshi hata kusogeza tarakimu ya mwisho. Wakati huohuo maji, chumvi na chakula kilicho tumboni vinaupandisha na kuushusha uzito kwa kilo nzima au mbili. Ukila chakula chenye chumvi nyingi jioni, asubuhi mwili umeshikilia maji. Ukifanya mazoezi mazito uliyokuwa hujayazoea, misuli inavimba kidogo na kuhifadhi maji kwa siku kadhaa. Wanawake wengi huongezeka siku chache kabla ya hedhi, kisha uzito hushuka wenyewe. Kukosa choo nako kunaonekana kwenye kioo.

Wanga una habari yake. Mwili unapouhifadhi kama glaikojeni, kila gramu hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana anayeacha wanga ghafla huona kilo mbili zimeyeyuka ndani ya siku chache. Sehemu kubwa ya hizo ni maji, na atakaporudia kula wanga yatarudi. Hajanenepa, na wala hakuwa amekonda kiasi hicho.

Sasa vifaa vyenyewe. Mizani ya mshale haihitaji betri na hudumu miaka, lakini mistari yake kwa kawaida iko kwenye nusu kilo au kilo nzima, na ukiinama kuusoma mshale nao unatikisika. Springi huchoka, hivyo kila mara kabla ya kupanda angalia kama mshale uko kwenye sifuri na uurekebishe kwa kirungu chake. Kwa kupima mara moja kwa mwezi inatosha. Kwa kupima kila siku, hapana.

Ya kidijitali hupimia kwenye vihisi vilivyo katika miguu yake minne. Hapo ndipo kosa kubwa la watumiaji lilipo: ikiwekwa juu ya zulia au sakafu iliyobonyea, miguu haibebi sawasawa na namba inayotoka ni ya kubahatisha. Iweke kwenye sakafu ngumu, bapa, na iache hapohapo. Kila ukiihamisha, iguse kwa mguu iwake, subiri isome 0.0 na izime, ndipo upande. Simama wima katikati, uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili, na usishike ukuta.

Kabla hujaiamini, ijaribu kwa njia mbili. Ya kwanza: panda, andika namba, shuka, iache izime. Panda tena ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Kioo kinapaswa kuonyesha ongezeko la kama nusu kilo. Kikirudia namba ileile, mizani hiyo ina tabia ya kukumbuka: inapoona uzito unaokaribia wa mwisho, inakuonyesha wa mwisho ili ionekane thabiti. Hii ni kasoro mbaya sana kwa anayefuatilia gramu chache, na wauzaji hawaitaji. Kama tayari umeinunua, kila siku ipande kwanza na mzigo wa kilo kadhaa mkononi, shuka, kisha panda mtupu. Kumbukumbu itakuwa imevurugwa. Njia ya pili: jipime ukiwa na dumu la lita tano tupu, kisha likiwa limejaa. Tofauti iwe kilo 5, au karibu sana na hapo. Usiliweke dumu peke yake juu ya mizani, kwani nyingi hazisomi vizuri uzito mdogo.

Mizani kusoma kilo moja zaidi ya ile ya zahanati si tatizo kubwa, mradi inazidisha kilo hiyohiyo kila siku. Unachotafuta ni mabadiliko. Usihamehame tu kati ya mizani mbili.

Mizani za kuunganishwa na simu zina kitu kimoja kizuri mno: programu inayochora mstari wa mwelekeo bila wewe kushika kalamu. Asilimia ya mafuta zinayotangaza kwa herufi kubwa ndiyo tusiyoishabikia. Mizani inapitisha umeme mdogo mguu hadi mguu, inapima ukinzani, kisha inakadiria kwa kutumia umri, urefu na jinsia ulivyojaza. Ukinywa maji, ukitoka jasho au ukiwa na nyayo zenye unyevu, asilimia inabadilika. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asiitumie kabisa, na mjamzito aizime sehemu hiyo. Kulipa zaidi kwa ajili ya mstari ni sawa. Kwa ajili ya asilimia, hapana.

Mara ngapi, basi? Tazama asubuhi za wiki mbili, kuanzia Jumatatu. Wiki ya kwanza: 82.4, 82.9, 82.1, 83.0, 82.3, 82.0, 82.2. Wastani ni 82.4. Wiki ya pili: 82.1, 81.8, 82.5, 82.6, 81.7, 81.6, 81.9. Wastani ni 82.0. Mtu huyu amepungua gramu 400 na anakwenda vizuri. Lakini angekuwa anapima Jumatano tu, angeona 82.1 kisha 82.5, akaamini ameongezeka gramu 400, na pengine akaacha. Hiyo ndiyo sababu tunapendelea kila siku. Jipime baada ya kwenda chooni, kabla ya kula wala kunywa, ukiwa na nguo chache zilezile. Andika, ondoka. Kupanda tena jioni hakukuongezei chochote ila wasiwasi.

Kila siku si kwa kila mtu. Namba ikikuharibia siku, au ikikufanya uruke mlo ili kuiadhibu, punguza hadi mara moja kwa wiki au uiache na utumie futi ya kitambaa kiunoni, katikati ya ubavu wa chini na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Aliyewahi kuwa na ugonjwa wa ulaji asianze kujipima bila kuzungumza na mtaalamu wake. Mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi naye hupimwa kila siku kwa sababu nyingine: ongezeko la zaidi ya kilo moja kwa siku, au mbili kwa wiki, laweza kuwa maji yanajaa mwilini, na daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Usibadilishe mlo kwa sababu ya asubuhi moja. Wastani ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, ndipo uchunguze, na uanze na mafuta ya kupikia, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja kina kama kalori 120 na wengi humimina bila kupima. Mwanamke mwenye hedhi alinganishe wiki hii na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, si na wiki iliyopita.