Gari linagonga mbele: spea ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani, kwa wenye magari Tabora

Ukifika dukani ukasema "gari linagonga", mara nyingi utauziwa shokapu. Ni spea ya bei kubwa na kila mtu anaijua jina. Lakini IST, Raum au Probox iliyokwisha kula miaka 15 au zaidi huanza kugonga kwenye linki za stabilaiza (vyuma vifupi vinavyoshika fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona) na bushi (mipira ya kwenye viungio), vitu vidogo vya bei nafuu kuliko shokapu. Shokapu iliyokufa dalili yake kuu si kugonga. Gari hudunda mara mbili tatu baada ya tuta, linayumba kwenye kona, na mwili wa shokapu unakuwa na vumbi lililoganda kwa mafuta.

Kwa hiyo sikiliza kabla hujatoa pesa. "Ko-ko-ko" nyepesi kwenye rasta, au kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, ni linki. "Du" moja nzito unapofunga breki au unapoondoka ni bushi ya nyuma ya mkono wa chini, ule ambao mafundi wanauita lowa amu. Mlio wa "kwii" unapopanda tuta polepole ni bushi za stabilaiza zilizokauka. Zimwagie maji, na mlio ukikatika kwa muda umeshazipata. Ukizungusha usukani gari limesimama na springi ikaruka kwa kishindo, tatizo liko juu, kwenye mauntini ya shokapu (kikalio chake cha juu chenye mpira) au beringi yake.

Linki zina kipimo kisichodanganya. Zivue zote mbili, funga ncha za fimbo ya stabilaiza kwa kamba zisining'inie, kisha pita mtaa uleule kwa kilomita 20 kwa saa. Usikate kona kwa kasi, maana bila linki gari linalala upande. Kelele ikiisha, nunua linki mbili na uishie hapo. Nati ya linki ni ya spana 14 au 17, na katikati ya ncha ya bolti kuna tundu la alenki ya 5 au 6 la kuizuia isizunguke. Fundi asipolisafisha tundu hilo, alenki inateleza na kulila, halafu kinachobaki ni kukata kwa msumeno.

Kwa bolijointi, kiungio kinachoshika tairi na lowa amu, inyanyue gari kwenye chesisi mpaka tairi lining'inie. Mitaa mingi ya Tabora ni mchanga, kwa hiyo tanguliza ubao mpana chini ya jeki, na stendi iwepo kabla mkono haujaingia ndani. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukipotea ni beringi ya tairi, ukibaki ni bolijointi. Likicheza ukishika kushoto na kulia, angalia tairodi, fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi.

Sasa aina za spea, kuanzia ile ya kuitafuta kwanza.

Kwa linki, bolijointi, tairodi na shokapu, chukua spea mpya za makampuni ya Japani yanayotengeneza spea: 555 kwa vyuma vya usukani na miguu, KYB kwa shokapu. Zinadumu vizuri kwa barabara zetu na bei yake ni chini ya ile ya Toyota yenyewe. Ubaya wake ni kwamba maboksi yake yanaigwa, kwa hiyo acha boksi, angalia chuma. Namba iwe imechongwa kwenye chuma, isiwe stika peke yake. Kifuniko cha mpira kikae sawa, kimebanwa na pete yake. Igeuze ncha ya bolijointi kwa vidole: inatakiwa kuwa ngumu, ugumu ulio sawa pande zote. Ikianguka yenyewe kwa uzito wake ikiwa mpya, irudishe.

Spea halisi za Toyota zinafuata, ila kwenye bushi za lowa amu na mauntini tunazipandisha juu ya zote. Hapo unanunua mpira, na mpira mbaya huchanika ndani ya miezi hata kama umefungwa vizuri.

Mtumba wa Japani ni wa tatu, kwa chuma tu. Lowa amu isiyopinda ni mali nzuri, lakini bushi zilizomo huenda zina umri sawa na zako; hesabu gharama ya kuzitoa kwa presi na kuweka mpya. Shokapu za mtumba zichukue zikiwa jozi ya gari moja, fimbo yake inang'aa kama kioo bila mkwaruzo. Isimamishe wima na uibonyeze mpaka chini mara tano. Ikipita mahali bila kukaza, hata kama ni sentimita mbili, imekufa.

Spea zisizo na jina ziko mwisho. Linki ya aina hiyo inaweza kukusogeza mpaka spea nzuri uliyoagiza ifike, kwa sababu linki ikifa unapata kelele na gari kulala kwenye kona, lakini usukani unabaki. Bolijointi au tairodi ya aina hiyo usiifunge kabisa: bolijointi ikichomoka tairi linalala chini ya gari, na hakuna usukani tena. Bushi za kuchonga kwa tairi kuukuu na bolijointi za kujazwa kwa kuchomelea hatuzipi nafasi yoyote. Bushi ya kiwandani mpira wake umegandishwa na chuma. Ya kuchonga inazunguka kwenye bolti na kutafuna tundu la lowa amu, ukaishia kununua mkono mzima.

Ukiagiza Kariakoo kwa basi, kosa ni lako na nauli ya kurudisha ni yako. Tuma picha ya kibati cha chesisi kilichoko chini ya boneti. IST ya NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, na NCP65 inavuta tairi zote nne. Usikubali "zote ni sawa". Namba za Toyota nazo zinakulinda: linki ya mbele huanza na 48820, bushi ya stabilaiza 48815, shokapu ya mbele kulia 48510 na kushoto 48520, lowa amu ya kulia 48068 na ya kushoto 48069. Tarakimu au herufi tano zinazofuata ndizo za gari lako.

Kuna makosa mawili ya ufungaji yanayoua spea nzuri. La kwanza ni kukaza bolti za lowa amu gari likiwa juu ya jeki. Gari likishuka, mpira unabaki umejisokota muda wote, na utachanika mapema. Zishike tu kwa mkono, shusha gari likae kwenye tairi zake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. La pili ni kushika fimbo ya shokapu kwa praizi. Alama moja ya meno inakata sili, na mafuta yanaanza kuvuja. Shokapu mpya ya mafuta pia ipampu wima mara nne au tano kabla ya kuifunga, hewa ipande juu.

Nati za tairi kaza kwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na urudie baada ya kilomita 50. Linki na bushi za stabilaiza hazidai alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa kwa tairi. Lowa amu, tairodi na shokapu za mbele zinadai, siku hiyohiyo, kabla hujashika njia ya Nzega au Urambo.