Waja leo, pamiti kesho: dawati la wanafunzi wa kigeni la chuo kimoja Tanga

Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, lakini mwanafunzi hakuja kuondoka leo. Atakaa miaka mitatu, na kila mwaka una makaratasi yake. Kwa hiyo dawati la wanafunzi wa kigeni hatulipimi kwa tabasamu la wiki ya kwanza, tunalipima kwa tarehe. Tunalolieleza hapa ni la chuo kimoja cha binafsi mjini, ambacho jina lake tunaliacha: chumba kimoja pembeni ya ofisi ya msajili, mtumishi mmoja wa kudumu, na kijana wa muda msimu wa udahili. Kwa jumla tunalipatia nyota tatu kati ya tano. Mbili kati ya hizo ni za mtumishi wa kaunta.

Kwenye vyeti hawa ni hodari kweli. Vyuo vingine humwambia kila mgeni "nenda TCU", yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na mwezi mzima unapotea. Hapa wanajua nani anafanya nini. Cheti cha sekondari, kwa mfano KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, cha Mkenya aliyeingilia mpaka wa Horohoro, kinapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishwa na vyeti vya hapa. Stashahada ya nje inakwenda NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. TCU inashughulika na shahada. Mkongomani mwenye cheti cha Kifaransa anaambiwa mapema kwamba tafsiri ndiyo inayotangulia, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au kwa mfasiri anayetambulika, na kwamba tafsiri ibanwe pamoja na nakala ya cheti chenyewe. Zikitenganishwa, zinarudishwa.

Halafu kuna rula. Mtumishi anaiweka chini ya jina kwenye pasipoti, anasoma herufi moja moja, kisha anaihamishia kwenye cheti na kwenye barua ya udahili. Mohamed na Mohammed, kwake, ni watu wawili mpaka kiapo cha wakili kiseme ni mmoja. Wengi humwona msumbufu, lakini ana haki. Jina linalofuatwa ni lile la mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, na barua ya chuo isiyolingana nalo inakwamisha maombi yote. Mtu wa Bujumbura au Bukavu, ambaye jina la ukoo kwao huandikwa kwanza, ndiye anayenaswa zaidi. Kiapo hicho ni kazi ya asubuhi moja kama kikifanywa kabla ya kutuma maombi. Kikingojwa mpaka maombi yarudi, muhula umekwisha.

Kwenye pamiti, yaani kibali cha kukaa nchini, sifa zinapungua.

Njia ni mbili, na fomu ya dawati inazichanganya. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anahitaji pasi ya mwanafunzi, ambayo chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, hutolewa bila ada. Asiye wa Jumuiya anaomba hati ya ukaazi daraja C na kuilipia. Sasa fomu yao bado ina nchi tano za Jumuiya. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, Somalia baada yake, na wote hao wameachwa kwenye safu ya "wengineo". Mwanafunzi wa Goma akiijaza kama ilivyo anaelekezwa daraja C, alipie kisichomhusu. Mtumishi akiwepo hulikata kosa kwa kalamu, lakini kijana wa muda hulipitisha. Kwa hiyo ukifika kaunta, taja uraia wako na utamke neno "pasi" mwenyewe.

Kwa wa daraja C, tatizo ni mzunguko. Uhamiaji wanataka barua ya chuo. Chuo hakitoi barua bila namba ya usajili, namba haitoki mpaka ada ionekane kwa mhasibu, na mgeni asiye na kibali benki haimfungulii akaunti kirahisi. Wakati huo viza ya kawaida ya siku 90 aliyoingilia inaliwa siku kwa siku, na viza hiyo si ya kusomea. Njia ya kuukata mzunguko ipo: mzazi alipe sehemu ya ada kutoka kwao moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kabla ya safari, na stakabadhi itumwe dawatini. Hapo barua inatoka mwanafunzi akiwa bado kwao. Dawati linalijua hili, ila halijaliandika popote. Unaambiwa ukiuliza.

Ankara nayo waitazame. Karatasi yao ya ada kwa wageni tumeikuta bado ina dola, wakati kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba ankara ya shilingi. Malipo ya Uhamiaji ni habari nyingine, hayo hulipwa kwa control namba inayotolewa na mfumo wao. Mtu yeyote anayekuambia "nipe mimi nikulipie" mkwepe, hata akiwa amevaa kitambulisho cha chuo.

Kuhuisha ndiko kunakoumiza. Tarehe za kwisha zimeandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari kubwa la kaunta, vizuri tu, lakini ukumbusho unatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na jioni hiyo hiyo umeshazikwa na salamu na matangazo ya mpira. Kibaya zaidi, barua ya kuhuisha inangoja matokeo ya mwaka mzima, nayo hutoka karatasi zikiwa karibu kufa. Usingoje. Miezi miwili kabla, omba barua ya maendeleo yenye matokeo ya muhula wa kwanza, isainiwe na mkuu wa idara. Angalia pia umri wa pasipoti yenyewe, maana kibali hakiwezi kuishi kuliko pasipoti. Balozi ziko Dar, na kutoka stendi ya Kange hiyo ni safari ya kutwa, kwenda tu.

Makazi hawayagusi kivile. Wanakupa orodha ya nyumba, nyingi Raskazone, za bei. Ngamiani kuna vyumba vya nafuu zaidi, na baiskeli inakufikisha darasani. Orodha haisemi kwamba mwenye nyumba ataomba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wala kwamba mita ya umeme ya LUKU ya pamoja ndiyo mama wa ugomvi wa wapangaji. Uliza kuna mita ngapi kabla ya kutoa hela. Mkataba ukishasainiwa, upeleke ofisi ya serikali ya mtaa ujulikane, kwa sababu barua ya utambulisho ya mtaa utaihitaji siku usiyoitegemea.

Afya ni mstari mmoja kwenye kijitabu chao: Hospitali ya Bombo. Bima hawakuielezea.

Kiswahili wanafundisha saa mbili kwa wiki, na wanawachanganya darasa moja asiyejua hata "hujambo" na mtu wa Bukavu aliyekuja na Kiswahili chake kamili, anachohitaji tu ni kujua kwamba hapa mkubwa hupewa shikamoo kabla ya swali. Wa pili huacha baada ya wiki mbili, na hatumlaumu.

Ukienda, nenda Jumanne hadi Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi. Jumatatu foleni inafika ngazini, na Ijumaa ikikaribia saa sita chumba kinafungwa kwa sala, mara nyingi hadi Jumatatu. Beba flashi yenye skani ya ukurasa mzima wa pasipoti, kona zote nne zionekane, maana skana yao hukata mistari ile miwili ya chini.