Klozapini baada ya miaka miwili: tathmini ya mlezi

Mdogo wangu anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Alikuwa amekwisha kutumia haloperidoli na klopromazini, dawa za zamani za ugonjwa huo, kwa dozi kamili, na sauti anazozisikia hazikupungua, ndipo daktari wake alipomwandikia klozapini, dawa ambayo kwa kawaida hungoja hadi nyingine mbili zishindwe. Kwa kazi yake kuu naipa alama za juu. Sauti hazijatoweka, lakini mwenyewe anasema zimekuwa kama redio ya jirani, na amerudi kushika zamu dukani kwa mjomba.

Dawa hii ilibuniwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaondolewa sokoni katika nchi kadhaa baada ya wagonjwa kufariki Ufini mwaka 1975 kwa kuishiwa chembe nyeupe za damu, kisha ikarejeshwa kwa nguvu ya utafiti wa Marekani wa mwaka 1988, ambamo asilimia 30 ya wagonjwa waliokuwa wameshindikana walipata nafuu, ilhali waliopewa klopromazini walikuwa asilimia 4 tu. Kinachonivutia zaidi ni kwamba dawa za zamani huziba kwa nguvu vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na hii huviziba kwa ulegevu, lakini bado inazishinda. Kwa hiyo watafiti walilazimika kutafuta chanzo cha ugonjwa zaidi ya dopamini peke yake. Kwa familia iliyokwisha kuambiwa mara majini, mara kijicho cha majirani, habari hiyo ina uzito wake.

Bei ya kidonge isikudanganye, maana gharama kubwa iko maabara. Miezi ya mwanzo damu hupimwa kila wiki kuangalia zile chembe nyeupe, na asiye na maabara ya kutegemewa karibu naye ningemshauri asiianze. Upungufu mwingine ni mate yanayomwagika usiku (tumezoea kutandika taulo juu ya mto), uzito unaoongezeka, na kufunga choo, ambako kunaweza kuhatarisha maisha na hakupaswi kuonewa haya mbele ya daktari. Mvutaji sigara naye asiache bila kumwarifu daktari, kwa kuwa moshi hulifanya ini liivunje dawa haraka, na ukikoma, kiwango cha dawa mwilini hupanda.

Lawama yangu kubwa ni ya upatikanaji. Duka moja la dawa lilituhakikishia kwa simu kwamba mzigo umefika, tukakuta rafu tupu. Mgonjwa akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48 hawezi kuendelea alipoishia. Ilibidi mdogo wangu aanze upya kwa miligramu 12.5 na kupanda polepole, na sauti zilirudi kwa wiki kadhaa. Siku hizi tunaagiza vikiwa vimebaki vidonge vya siku 10.