Buti 14 za Kariokor: uzoefu wangu nikiwa mshika daftari

Fundi aliniambia wiki tano. Zikawa kumi na moja, na jozi moja bado iko chini ya kitanda changu.

Sisi ni kikundi cha kupanda milima hapa Nairobi, na kati yetu kuna wachache wenye ugonjwa wa buti. Mtu akija na jozi mpya, kabla ya salamu tunainama kuangalia mshono. Mwaka jana mwenzetu mmoja alitokea Ngong amevaa buti za kahawia za ngozi ya mafuta, zimemkaa mguuni kama zilizaliwa naye. Kumuuliza, akasema ameshonewa Kariokor, lile soko la hapa Nairobi lenye mafundi wa ngozi. Jioni hiyo hiyo WhatsApp ikawaka moto, na kwa vile ni mimi niliyeuliza bei, nikafanywa mratibu. Jifunzeni kunyamaza.

Bei ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 8,500. Tukifika kumi, 6,800. Fundi alinieleza bila kuficha: akiagiziwa jozi moja ananunua ngozi kwa futi za mraba, kwa bei ya rejareja, na soli moja moja. Akiagiziwa nyingi anachukua ngozi nzima, soli kwa dazeni, na siku ya kukata anakata zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kipunguzo si hisani. Lakini sharti lake ni kwamba kila mtu akubali muundo mmoja na rangi moja, na hapo ndipo tulipoteza wiki nzima tukibishana kuhusu matundu ya kamba, kama yawe sita au saba. Yakawa saba.

Kilichokaribia kuniua ni saizi. Hapa mjini wengi wetu tunavaa mtumba, kwa hiyo mtu hujijua kwa namba iliyoandikwa kwenye ulimi wa kiatu alichokipata Gikomba. Sasa kiatu kile kimetoka wapi? Nane ya mwanamume ya Marekani ni saba ya Uingereza. Nane ya Uingereza ni 42 kwa namba za Ulaya, au karibu na hapo. Nilikuwa na watu wanne wenye "nane" na miguu minne isiyofanana hata kidogo. Nikafuta orodha yote, nikawaambia: kanyaga karatasi jioni, mguu ukiwa umeshachoka na kuvimba, ukiwa na soksi za mlimani, halafu mtu mwingine akuchoree, penseli ikiwa wima. Penseli ikilala, ncha ikaingia chini ya mguu, inachora mguu wa mtoto. Kisha futi kamba izungushwe pale penye upana, chini ya vidole. Miguu yote miwili, maana haiwi sawa. Kuna bwana mmoja alinitumia picha ya kandambili yake ikiwa juu ya gazeti. Nilimrudishia.

Fundi alipoona zile karatasi 28 alifurahi kuliko alivyofurahia pesa. Alichukua kalibu, ile miguu ya plastiki ambayo ngozi huvutwa juu yake, akailinganisha na kila mchoro, na penye upungufu akabandika vipande vya ngozi juu ya kalibu kuongeza upana. Dada zetu watatu ndio waliopata taabu, kwa sababu kalibu alizonazo ni za wanaume. Mmoja alitengenezewa kwa kalibu ya kijana, na mpaka leo kisigino kinapanda na kushuka akitembea. Hilo naliandika wazi: kama mguu wako ni mwembamba, muulize fundi kwanza ana kalibu gani kabla hujatoa hata senti.

Pesa niliziendesha hivi: arbuni nusu, iingie kabla jina halijaandikwa, na kila Jumapili naweka kwenye kikundi picha ya daftari. Wengi walituma nusu kamili bila ada ya kutolea pesa kwenye simu, nikawa nawafidia mfukoni mwangu. Mara ya pili nikitumwa kazi hii, ada ya kutolea itakuwa ndani ya bei tangu mwanzo.

Wiki ya saba nikaenda kuangalia. Kibanda kinanuka gundi mpaka macho yanatoa machozi. Jozi tisa zilikuwa tayari, nikaanza kuzikagua moja moja. Tulikuwa tumekubaliana welti ya mkono, yaani ukanda wa ngozi unaoshonwa kuzunguka kiatu, kisha soli inashonwa kwenye ukanda huo, ili soli ikiisha ibadilishwe bila kuua kiatu. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mashine yenye jina la Charles Goodyear mdogo, mwana wa yule mvumbuzi wa mpira uliokomazwa kwa moto. Kwa fundi wetu ni msharasi wa kutobolea ngozi, uzi uliopakwa nta na mabega. Jozi sita zilikuwa hivyo. Kwenye tatu niliingiza ukucha kati ya ukanda na ngozi ya juu, nikavuta kidogo, na badala ya uzi nikaona gundi iliyokauka. Mshono wa nje ulikuwa pambo tu.

"Hizo alifanya kijana," fundi akasema, akainamisha kichwa. Hakubisha. Akazing'oa soli mbele yangu, akaanza upya. Hapo ndipo wiki zilipoanza kuongezeka, na hapo pia ndipo nilipoanza kumwamini.

Jambo la rangi lilinishinda. Jozi mbili zilikuja mguu mmoja umekolea, mwingine umepauka. Nikalalamika. "Mkubwa, hao ni ng'ombe wawili," akanijibu. Nikaishia kucheka. Ngozi zetu zina historia: kupe, miiba, na chapa ya moto ya mwenye mifugo. Fundi mzuri hukata akikwepa, lakini ukikwepa kila kovu hubaki na ngozi ya pochi. Buti yangu ya kushoto ina mstari wa chapa karibu na kifundo, umepinda kama nusu ya herufi. Mwenye kuandikiwa jozi ile awali aliikataa, nikaichukua mimi kwa kuwa saizi zetu ni sawa. Sasa ananiomba tubadilishane.

Nimezivaa miezi minane, nikazipandisha Elephant Hill kwenye matope ya mianzi. Wiki mbili za kwanza visigino vyangu vilitoka malengelenge. Baada ya hapo nilisahau kama nimezivaa. Maji huingia kwenye ulimi ukikanyaga kijito, maana ulimi haukushonwa pembeni mpaka juu. Soli haijaachia popote. Kwa 6,800 sijaona dukani cha kulinganisha nazo. Alama nampa nane kwa kumi. Mbili nimekata moja kwa kisigino cha dada yetu, moja kwa zile wiki sita.

Iliyo chini ya kitanda ni 45. Mwenyewe alilipa arbuni, salio "mwisho wa mwezi", na miezi imeshapita mingi. Nimezipaka mafuta mara mbili zisikauke. Nimempa mpaka Jumamosi, kisha naziuza kwa bei ya kikundi nimrudishie chake.